Mzinga Haina Kwao

Pita Kericho Jumapili ya mwisho wa mwezi kabla jua ichomoke vizuri. Shuka mdogo mdogo kutoka Moi Highway ukienda steji, macho iwe kwa mtaro. Kaquarter zimelala kwa laini. Mzinga imekatika shingo. Chupa za maji, foili ya chipo, juala, karatasi ya smokie, maganda ya mayai boilo, fegi kibao, na hapo kando mse alitapika akaenda zake. Sasa nitafutie chupa ya Tusker. Zunguka Tengecha Road, rudi na Temple Road, ingia hadi kichochoro ya nyuma ya klabu. Huipati. Na si eti wasee hawakukunywa bia. Walikunywa mob. Ni vile chupa ya Tusker iko ndani ya kreti, imehesabiwa, inangoja lori ya Jumatatu.

Hii maneno ya uchafu wa wikendi imenisumbua kitambo, na nimesikia kila mtu akiichambua: pasta, chifu, mathe wa mboga, wasee wa boda. Wakimaliza wote wanatuangukia sisi, vijana hawana adabu. Adabu yetu nitaifikia. Lakini kijana mmoja, usiku mmoja, mkono mmoja, alirudisha chupa ya bia kwa kaunta na akatupa kaquarter mtaro. Ile ya kwanza ina mtu anaidai. Ya pili haidaiwi na yeyote.

Hebu tuiangalie polepole. Bia ya chupa ya kahawia ina dipositi. Mwenye baa ameilipia kwa depo, ikipotea anakula hasara yeye, basi weita anaichunga hadi mteja wa mwisho atoke. Soda ya glasi ni vile vile, na kila mtoto amewahi kutumwa duka anajua bila chupa huendi mahali. Kopo ya bia nayo haikai sana chini, kuna machokoraa wanaamka mapema kuliko wafagiaji, wanaiokota inaenda kwa mse wa skrepu, aluminiamu inapimwa kwa kilo. Mzinga na kaquarter ndizo hazina kwao. Ukishalipa pale wainzi, chupa si ya mwenye duka tena, si ya kampuni, na wewe mwenyewe ulitaka tu kile kilikuwa ndani. Basi inaangushwa pale koo ilimalizia kazi.

Kama hujawahi kuishi huku kwetu, lazima nikuchoree vile usiku yetu hutembea. Doo ya Kericho na Bomet ina kalenda yake na kalenda yenyewe ni ya majani chai. Kuna mshahara wa mashamba makubwa, zile Brooke Bond na James Finlay walianzisha miaka ya 1920 na ambazo hii miaka ya juzi zimeingia mkononi mwa Browns wa Sri Lanka. Kuna malipo ya kila mwezi ya majani mabichi kwa wakulima wadogo wa KTDA. Halafu kuna bonasi, ile ya mara moja kwa mwaka, inaingia karibu na Oktoba. Ikishuka Litein, Kapkatet, Mogogosiek ama Silibwet huhitaji kuambiwa. Utaona mabati mapya, boda mpya, na mahewa hadi che. Hata mwaka bonasi ikija ndogo na wakulima waandamane, usiku wa malipo baa zinajaa tu, wengine wakisherehekea na wengine wakizamisha machungu.

Basi tuseme ni Ijumaa ya doo. Mbogi inakutana base saa mbili. Ndani ya klabu bei ya mzinga inaruka karibu mara mbili ya ile ya duka, hiyo kila mtu anaijua, kwa hivyo tunachanga. Huyu soo mbili, huyu punch, huyu hana lakini ni mse wetu. Tunanunua wainzi na tunakunywa nje: kwa buti ya ndai, kwa ngazi za duka limefungwa, kwa ukuta wa benki. Tukiingia ndani tayari tumewaka, tunaagiza soda moja ya kushikilia meza. Hapo ndipo uchafu unapatia upenyo. Klabu inafagia ndani yake na inafagia vizuri. Wainzi inafagia mlango wake. Ile nafasi ya katikati, mahali pombe kweli ilinywewa, haina mtu anasema ni yake.

Na sheria yenyewe inatumwaga nje kwa mawimbi. Ile sheria ya pombe ya 2010, ile wasee wanaita ya Mututho, inapea baa ya kawaida saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi, na wikendi inaanza saa nane mchana. Klabu yenye laiseni yake inaenda hadi saa tisa usiku. Basi saa tano watu wa baa wanamwagika barabarani, nusu hawana mpango wa kwenda kejani. Saa tisa klabu nayo inafungua milango. Kila wimbi linakuta mayai boilo, mutura na smokie zikingoja, na kila wimbi linaacha kitu. Juala zilipigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, na faini inaweza kufika milioni nne, lakini chipo za saa nane usiku bado unaweza kufungiwa ndani ya juala nyembamba inatoka chini ya meza.

Sheria hiyo hiyo ilikataa pombe ya sacheti, na ikasema kali isipakiwe kwa kipimo cha chini ya mililita 250. Ndiyo maana kaquarter ndiyo ndogo kabisa utapata dukani. Tanzania walitoa viroba 2017, Uganda wakafuata 2019, na mimi naona wote walifanya poa, sacheti ilikuwa inaingia mfuko wa sare ya shule bila mtu kugundua. Tatizo ni vile kazi iliachiwa njiani. Sacheti ikatoka, glasi ikaingia, na hakuna mtu aliandika kwa hiyo sheria glasi ikishakuwa tupu inaenda wapi.

Kuna kitu ingine hatupendi kubonga, na ni choo. Town nzima imejaa watu wamekunywa lita kwa lita, na choo ya umma mwenyewe alifunga kufuli jioni akaenda kwake. Klabu ina choo, lakini wewe uko nje kwa ngazi na baunsa hakujui. Mwanaume anageukia ukuta. Manzi anahangaika, anatafuta rafiki amsimamie kwa kichochoro yenye giza, na hiyo kichochoro ndiyo watu hukabwa. Mji unaopea watu laiseni ya kuuza vinywaji hadi saa tisa usiku na haupei hao watu mahali pa kukojoa umepanga wenyewe vile kuta zake zitanuka asubuhi. Hii naisema nikiwa nimekasirika, kwa sababu nimeona masista zetu wakitembezwa na hii shida kila wikendi na hakuna mheshimiwa anaitaja kwa mkutano.

Asubuhi inalipwa na watu hawakuwa kwa sherehe. Wa kwanza ni mathe wa fagio, wale wa kaunti, na vesti za kung'aa na wilibaro. Wanainama kwa baridi ya Kericho, na sisi tuko karibu mita elfu mbili juu ya bahari, baridi ya hapa alfajiri si ya mchezo. Karatasi inafagiliwa, maganda yanafagiliwa, glasi ndiyo inakula mikono. Kipande kikubwa unakishika, kidogo kinajificha ndani ya matope hadi kikupate, na si kila mmoja wao ana glavu. Ukimpita ukisema "Chamgei, mama," atakujibu "Chamgei" akiendelea kuvuta fagio, kwa sababu anakimbizana na saa. Watu wa ibada ya kwanza wanateremka na watoto wamevaa viatu nyeupe, na mji unatakiwa uonekane haukulewa.

Wa pili ni mathe wa mboga. Kibanda yake imegeuzwa choo usiku, basi kabla atandike managu na sukuma, anatoa doo yake kununua maji aoshe mkojo ya watu hata hawajui. Akishamaliza ndiyo anaanza kutafuta faida ya siku. Wa tatu ni mse wa boda, anapata pancha ya kwanza kabla ya kastoma wa kwanza. Wa nne ni mtoi wa Nyagacho ama Majengo anapita na slipas zimekwisha soli. Hawa wote ni mafamilia zetu. Mbogi ikilala hadi saa sita mchana, hiyo bili ishalipwa, na huoni risiti.

Kile mafagio hayakufika, mvua inafika. Watu wa mbali hufikiri chai inamea tu kwa sababu udongo ni mzuri. Chai inamea kwa sababu huku hunyesha karibu mwaka mzima, na mara nyingi ni alasiri, mawingu yanafunga, inamwaga saa moja kali halafu jua linarudi. Ile mvua inayojaza majani ndiyo inaosha mitaro. Chupa za plastiki zinaelea, kaquarter zinaviringika, fegi zinakwenda kama siafu, na yote inateremka hadi Dionosoyiet, mto unaopita hapo hapo ubavuni mwa town na kinamasi yake. Hapo kinamasi ilikuwa inachuja maji bure miaka na miaka. Sasa inachuja wikendi yetu. Maji ya upande huu mwishowe huingia Ziwa Victoria, kwa hivyo kifuniko ya chupa yako inaweza kufika kwa wavuvi na mpishi wa samaki ambaye hajawahi kuskia jina ya klabu yako.

Bomet ni noma zaidi, na nashangaa vile watu wa Bomet wenyewe hawaitaji. Town yao imekaa juu ya Nyangores. Mto unatoka msitu wa Mau, unapita Tenwek kwa yale maporomoko yanatengeneza stima ya hospitali, unapita Bomet, halafu mbele huko unaungana na Amala. Hiyo miwili ikishikana ndiyo inaitwa Mara. Mto Mara, ule wa nyumbu, ule watalii wanapanda ndege kutoka ng'ambo kuja kuona ukivukwa. Unapita Maasai Mara, unaingia Serengeti, unamwagika ziwani upande wa Musoma, Tanzania. Basi mse wa Bomet akirusha chupa ya plastiki kwa mtaro siku ya mvua, ameituma safari ya nchi mbili. Sisi tunasomeshwa Mau tangu darasa la nne, tupande miti, tulinde chemichemi, na ni vizuri. Lakini usiku wa Jumamosi hapo town ni sehemu ya mto pia, na hakuna mtu huja shule kutusomesha hiyo.

Sasa adabu. Nilisema nitaifikia.

Sikubali eti watu wa huku hawajui usafi. Nenda kituo cha kununulia majani asubuhi yoyote. Mse amechuma tangu alfajiri, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, mgongo unauma, na akifika kwa karani kikapu inamwagwa na kuchambuliwa. Jani gumu linatolewa. Kijiti kinatolewa. Majani yakija machafu yanarudishwa na unabeba mzigo wako hadi nyumbani mbele ya watu. Hakuna mtu analia eti anaonewa, kwa sababu kila mtu anajua jani moja mbaya linaharibu kikombe ya mtu mwingine na bei ya kila mtu. Mikono inayochagua hivyo mchana ndiyo inaangusha kaquarter usiku. Kwa kituo kuna mtu ameketi na mizani na kalamu, ana sheria, na ana nguvu ya kukataa. Kwa ngazi za benki usiku hakuna.

Na wazee wetu walikunywa. Mtu asikudanganye eti pombe ilikuja na dijei. Wakipsigis walikuwa na maiywek, pombe ya wimbi, na wazee walizunguka mtungi mmoja katikati na kuvuta kwa mirija mirefu, kila mzee na wake. Kijana wa rika letu hakuwa anakaribishwa hapo, hiyo nayo lazima isemwe, na sitaki kurudi huko. Lakini angalia vyombo. Mtungi ulikuwa na nyumba yake na mama aliyeuchunga. Mrija ulikuwa na mwenyewe, akimaliza anaupangusa na anaenda nao. Sherehe ikiisha hakukuwa na kitu cha kufagia isipokuwa majivu. Hiyo ndiyo ninaitaka kwa mzinga, iwe na mwenyewe, na iwe na mahali inarudi.

Wengine wakiskia hivi wanaruka kwa jibu rahisi: fungeni klabu zote. Sikubali. Usiku inalisha watu. Dijei, weita, baunsa, mpishi, mse wa boda anayesubiri saa tisa, mathe wa mayai anayesomesha watoto na hiyo beseni, hao wote wanalala njaa siku mahewa inazimwa. Na kijana aliyechuma chai wiki nzima ana haki ya kudensi Jumamosi. Kericho imekuwa ikipokea wageni na kuwanywesha tangu zamani, Tea Hotel yenyewe ilijengwa na Brooke Bond miaka ya 1950, na wenye mashamba walikuwa na vilabu vyao vya starehe kabla babu zetu waruhusiwe kuingia. Sasa starehe imeshuka hadi barabarani kwa mtu wa kawaida, na mimi nafurahia hiyo. Kufunga ni kumrudishia starehe mwenye kuta ndefu peke yake.

Lakini mwenye anakula usiku lazima aoshe vyombo vya usiku, na hapa ndipo nageukia kaunti. Fungua Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, sehemu ya kazi za kaunti. Laiseni za pombe ziko hapo. Kuzoa taka iko hapo. Kelele na kero za umma ziko hapo. Zote tatu zimepewa ofisi moja. Kaunti ndiyo inapokea ada ya laiseni kutoka kwa klabu na wainzi, na kaunti ndiyo inatuma mathe na fagio saa kumi na moja asubuhi. Pesa inaingia kwa dirisha moja na uchafu unatokea kwa mlango mwingine wa jumba moja, na hao wawili hawajawahi kukutanishwa. Laiseni inaweza kuwa na masharti. Inaweza kusema: ukiuza kali, chupa tupu ikirudi kwako unaipokea, na unamrudishia mteja ashu ama mbao ambayo ulimwongezea wakati wa kununua. Inaweza kusema barabara iliyo mbele yako na mita kadhaa kila upande ni yako hadi saa kumi na mbili asubuhi. Hakuna sayansi mpya hapo. Ni ile hesabu ya kreti ya Tusker, imepanuliwa hadi kaquarter.

Nchi pia ishafungua njia. Sheria ya usimamizi endelevu wa taka ya 2022 inasema mwenye kuleta bidhaa sokoni abebe jukumu la taka ya hiyo bidhaa. Basi kampuni za kali ziko ndani, hata kama matangazo yao yanaonyesha tu watu wakicheka kwa paa la jengo refu. Ng'ambo wameijaribu dipositi kwa upana. Ujerumani tangu 2003 kopo na chupa nyingi za kutumika mara moja zinalipiwa senti 25 za yuro na unarudishiwa ukizirudisha. Hata wao, chupa ya glasi ya kali waliiacha nje ya mpango, kwa hivyo huku tukianza nayo tutakuwa tumewapita.

Kuna sababu ingine ya kutaka hizo chupa zirudi kwa njia safi. Si zote zinakufa mtaro. Nyingine zinaokotwa nzima, zinaoshwa, na zinauzwa. Nyingi zinaenda kwa kazi nzuri, mama anauza asali ama mafuta ndani ya mzinga na hakuna ubaya. Lakini zingine zinaishia kwa wale wanajaza pombe feki, chupa ni ya kampuni kubwa na kilicho ndani ni sumu ya stoo. Februari 2024 Kirinyaga walizika watu kwa sababu ya pombe ya kuua, na nchi nzima ikashtuka. Chupa tupu iliyozagaa ni malighafi ya mtu kama huyo. Ikiwa na bei na ikirudi dukani ikihesabiwa, anapata kazi ngumu zaidi.

Wasee wataniambia hii ni ndoto, town yetu haiwezi. Mimi niliiona ikiweza. Oktoba 2023 Mashujaa Dei ililetwa Kericho, pale Green Stadium, na Rais alikuwa anakuja. Mitaro ilizibuliwa. Kuta zikapakwa rangi. Chai Square ikapendeza hadi watu wakaanza kupiga picha za harusi. Basi mikono ipo, mafagio yapo, na pesa ilipatikana wakati mgeni mkubwa anakuja. Rwanda nao wamejiwekea Jumamosi ya mwisho wa kila mwezi, umuganda, mtaa mzima unatoka kufanya kazi ya jamii, mkubwa kwa mdogo. Kwetu, Jumamosi ya mwisho wa mwezi ndiyo hiyo hiyo ya mshahara. Mtu akiipanga vizuri, mchana ungekuwa wa fagio na usiku wa ngoma, na watu wangekuwa wale wale.

Upande wetu pia kuna kazi, na hatungojei kaunti iamke. Mbogi ikinunua mzinga, inunue na gunia moja, ikae kwa buti ama kwa mkono wa yule hanywi. Kila mbogi ina mtu kama huyo, yule anakunywa maji na kurudisha wengine kejani, tumheshimu na tusimwachie mzigo peke yake. Chupa usivunje. Hata ukiwa umekasirika, hata ukiachwa na manzi, hata timu yako ikifungwa dakika ya tisini, usivunje, kwa sababu yule ataokota vipande hakukufanyia kitu. Fegi ina ncha ya plastiki, haiozi haraka, izime na uibebe. Ukitoka saa tisa na umeshiba mayai, maganda yarudi kwa karatasi, karatasi irudi kwa yule mathe, ana debe yake pale. Na ukiamka Jumapili, kama kichwa inaruhusu, shuka town saa mbili uone ulichokiacha na nani anakiinua. Sijui njia ingine ya haraka ya kubadilisha mtu.

Wenye klabu nao nataka kuwatambua pale wanafanya vizuri. Kuna sehemu nimeona baunsa anatoka saa tisa na gunia, anazunguka mbele ya mlango kabla taa zizimwe, na hakuna mtu alimlazimisha. Asubuhi ile mahali inakaa kama haikuwa na watu. Ni kazi ya dakika kumi. Ningetaka kuona hiyo kila mlango, kutoka Kericho hadi Kapsoit, Litein, Kaplong, Sotik na Bomet, na ningetaka iandikwe kwa laiseni ndiyo isitegemee roho nzuri ya baunsa mmoja.

Mswada wa Fedha wa kaunti huja kila mwaka, na ndiyo hupanga ada za laiseni. Kabla upite, lazima watu waitwe watoe maoni. Mkutano huwekwa siku ya kazi, mchana, kwa holi, na sisi ndio tunajaza hizo klabu huwa hatuonekani hapo. Mwaka huu mbogi yetu inaenda. Tumeandika yetu kwa karatasi moja: dipositi kwa kaquarter na mzinga, choo za umma zenye taa na mlinzi hadi saa kumi usiku, gunia kwa kila mlango wa wainzi, glavu nzito na buti kwa kila mathe wa fagio kabla ya mwezi wa bonasi. Tutaisoma kwa sauti mbele ya wenye baa na waheshimiwa, na wakituuliza doo itatoka wapi, tutawaomba wafungue kitabu cha ada za laiseni walizokusanya.